Maisha ya Edward Steere, Mfasiri wa Unguja



Ukikaa Bangwe unalijua jambo hili. Mtu aliyejifunza kusoma hasomi kwa ajili yake peke yake. Barua ikitoka mbali huletewa yeye. Karatasi ya zahanati huletewa yeye. Na katika nyumba ya Wakristo, mgonjwa asiyeweza kwenda kanisani akitaka kusikia Injili, ni yeye anayepewa kitabu asome kwa sauti, na wengine wote wakae kimya wasikilize.

Msikilizaji hana kitabu mkononi. Hawezi kurudi nyuma kutazama mstari uliompita. Neno asilolielewa likishapita, limepita. Kwa hiyo kitabu cha kusomewa watu lazima kiwe na maneno yanayoingia sikioni mara moja.

Je, umewahi kujiuliza maneno hayo ya Kiswahili yalitoka wapi? Biblia haikuandikwa kwanza kwa Kiswahili. Agano la Kale liliandikwa kwa Kiebrania, lugha ya Wayahudi wa kale, na sehemu chache kwa Kiaramu. Agano Jipya liliandikwa kwa Kigiriki. Ilibidi watu wakae chini wayageuze maneno hayo, moja moja, mpaka yakawa Kiswahili. Mmoja wa watu hao alikuwa Edward Steere. Jina hili la Kiingereza hutamkwa Stia. Soma habari zake, uwe Mkristo au Mwislamu, maana ni habari za lugha yako pia.

Mwanasheria aliyekunja mikono ya shati

Edward Steere alizaliwa London, Uingereza, tarehe 4 Mei 1828. Baba yake alikuwa mwanasheria, naye kijana akasomea sheria akafaulu vizuri. Lakini kazi hiyo haikumkaa moyoni. Mwaka 1856 aliingia katika kazi ya kanisa la Kiingereza, yaani Kanisa la Anglikana.

Walimpeleka kwa wakulima wa wilaya ya Lincolnshire. Huko walimpenda, kwa sababu hakuwa padre wa kukaa kitini. Alikunja mikono ya shati akafanya kazi. Tena alikuwa mtu wa kupenda kazi za mikono. Alijua kupanga herufi za chapa na kuchapa karatasi mwenyewe. Jambo hili likumbuke, maana litatufaa mbele.

Sasa tumtazame mtu mwingine, ambaye watu wa Kigoma wanamjua zaidi. Ni David Livingstone, yule mzungu aliyekutana na Stanley pale Ujiji mwaka 1871, na ambaye baadaye alipanda mtumbwi pamoja na Stanley wakapita rasi ya Bangwe kwenda kaskazini. Mwaka 1857, miaka mingi kabla ya hapo, Livingstone alikuwa Uingereza. Alikwenda kwenye chuo kikuu cha Cambridge akawaeleza wasomi habari za Afrika na ubaya wa biashara ya watumwa. Wasomi wakaanzisha misheni iliyoitwa Misheni ya Vyuo Vikuu. Askofu wake wa kwanza, Mackenzie, alikufa kwa homa karibu na mto Shire mwaka 1862. Askofu wa pili akawa Tozer, rafiki yake Steere.

Tozer alimwomba Steere amsindikize. Steere alikubali kwenda kwa muda mfupi tu. Mke wake alibaki Uingereza. Muda huo mfupi ulikuja kuwa karibu miaka 20, pamoja na safari za kurudi kwao.

Walipofika katika nchi ya mto Shire waliona njaa, vita na homa. Tozer akaamua kuhamia Unguja. Livingstone alikasirika sana, akaona wamekimbia. Pengine alikuwa na haki. Lakini kama wasingehama, Steere asingekaa kamwe katika mji wa Waswahili.

Watoto watano na lugha moja

Waliingia Unguja mwezi wa Agosti 1864. Unguja ya siku zile ilikuwa na soko la watumwa wazi kabisa, pale Mkunazini. Watu walioletwa kutoka bara waliuzwa hapo. Wengine walikuwa wamefuata njia ndefu kutoka ziwa letu, Ujiji mpaka Tabora, Tabora mpaka Bagamoyo, kwa miguu, na mizigo ya pembe za ndovu kichwani. Wengi zaidi walitoka upande wa ziwa Nyasa.

Sultani Majid alikuwa amekamata jahazi lenye watumwa. Akawapa wamisionari watoto wa kiume watano kutoka humo wawalee. Baadaye watoto wengine wengi waliletwa, walionyang'anywa majahazi na meli za Kiingereza. Mmoja wa wale watano wa kwanza aliitwa John Swedi. Mwaka 1879 alikuja kuwa shemasi, Mwafrika wa kwanza katika misheni hiyo kupata cheo hicho.

Fikiri kidogo juu ya watoto hao. Huyu Myao, huyu Mmakua, huyu Mnyasa. Kila mmoja alikuwa na lugha ya mama yake, na mama hayupo. Wangesemaje wao kwa wao? Lugha waliyoweza kuijua wote ilikuwa Kiswahili. Nao walijifunza njiani, melini na mjini, kama vile watu wengi wa pande za ziwa walivyojifunza kwa kusafiri na misafara.

Steere aliona kwamba hawezi kuwafundisha neno lolote bila Kiswahili. Akaanza kujifunza. Hakuwa mtu wa kwanza kuandika lugha hii kwa herufi za Kizungu. Mjerumani Krapf alikuwa amefika Mombasa mwaka 1844, akaanza mwaka ule ule kufasiri kitabu cha Mwanzo akisaidiwa na kadhi mmoja. Lakini Krapf aliandika Kimvita, na Steere alikuwa anasikia Kiunguja.

Basi alifanyaje? Alikaa na Waswahili wenyewe akawasikiliza. Mmoja wa waliomsaidia sana alikuwa kijana aliyeitwa Hamisi wa Kayi. Steere aliwaomba watu wamsimulie hadithi, naye akaziandika kama zilivyosimuliwa. Mwaka 1870 alizitoa katika kitabu. Ndani yake imo ile hadithi ya kima aliyedanganywa na papa, akasema moyo wake ameuacha nyumbani mtini. Huenda na wewe uliisikia kwa bibi yako. Mwaka huo huo alitoa kitabu kingine cha kuwafundisha wageni Kiswahili, chenye kanuni za lugha na orodha ya maneno.

Herufi

Siku zile Waswahili wenye elimu waliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Walikuwa na barua nzuri na mashairi mazuri. Lakini herufi za Kiarabu hazikutengenezwa kwa ajili ya Kiswahili. Kwa desturi zina alama tatu tu za vokali, na Kiswahili kina vokali tano. Msomaji akiona alama moja ilimpasa akisie kama ni e au i, kama ni o au u. Hazikuwa na herufi ya p, wala ya ch, wala ya v. Anayeijua lugha vizuri hukisia sawasawa. Anayejifunza hupotea.

Steere alichagua herufi za Kilatini. Vokali alizipa sauti moja moja: a, e, i, o, u, kila moja na sauti yake siku zote. Kwa sauti nyingine alitumia sh, ch na nyinginezo. Ukizitazama herufi unazosoma sasa utaona zinafanana sana na zake. Kwa upande mwingine, jambo hili lilikuwa na hasara. Mzee wa Unguja aliyesoma Kurani na kuandika barua zake vizuri alijikuta, kwa herufi hizi mpya, hajui kusoma. Hasara hiyo haisemwi mara nyingi.

Sheikh na Zaburi

Sasa tumefika mahali penye kiini cha habari hii.

Alikuwako Unguja mwanachuoni mkubwa, Sheikh Abdul Aziz al-Amawy, mzaliwa wa Barawa. Alikuwa mmoja wa watu wenye elimu kubwa kabisa katika mji. Alijua Kiarabu, alijua Kiswahili, alijua sheria ya dini yake. Yeye na Steere walikuwa wa dini mbili, na kila mmoja alishika yake. Lakini waliheshimiana, na walizungumza.

Sheikh huyu alijitolea kumsaidia Steere. Zaburi zilikuwako tayari kwa Kiarabu. Sheikh alisema atazigeuza kutoka Kiarabu mpaka Kiswahili bora na safi kuliko vyote. Ungekuwa wewe Steere ungefanya nini? Mtu asiye na elimu ya lugha huwa anatafuta msaada wa namna hiyo maisha yake yote. Steere alikubali kwa furaha.

Kazi ikaanza. Lakini baada ya muda Steere aliona mambo mawili. Kwanza, Sheikh alikuwa na shughuli nyingi, na kazi ilikwenda polepole. Pili, na hili ndilo kubwa, Kiswahili chake kilikuwa cha juu mno. Kilikuwa kizuri, lakini kilikuwa cha watu waliosoma.

Nitakupa mfano wangu mwenyewe ili uelewe. Mtu anaweza kusema jambo ni adhimu, na mwingine akasema jambo ni kubwa. Mtu anaweza kusema ametaamali, na mwingine akasema ametazama. Yote ni Kiswahili. Lakini ukisoma kwa sauti mbele ya watu 20 wa kijijini, yule wa adhimu na taamali atasikika na watu wangapi?

Steere aliwafikiria wasikilizaji wake. Walikuwa watoto waliotolewa majahazini. Walikuwa wanawake waliokombolewa, wapagazi, watu wa mashambani. Kiswahili hakikuwa lugha ya mama zao. Steere akaamua kwamba tafsiri yake lazima ieleweke na yule mwenye elimu ndogo kuliko wote. Kwa hiyo hakuweza kuufuata msaada wa Sheikh mpaka mwisho. Alimshukuru, akasema wazi katika kitabu chake kwamba Sheikh alijitolea, na akaeleza kwa nini njia hiyo haikufaa.

Uamuzi huo haukuwa mwepesi. Watu wa mji waliosikia Kiswahili rahisi katika kitabu cha dini wangeweza kusema kwamba mzungu hajui lugha, anasema kama mtu wa bara. Na kwa Mwislamu wa Unguja, kitabu kitakatifu kilipaswa kuwa na lugha tukufu. Steere alijua hayo, kwa kuwa aliishi nao. Hata hivyo alichagua kueleweka.

Usidhani alitupa maneno yote yenye asili ya Kiarabu. Sivyo. Maneno ambayo watu walikuwa wakiyatumia kila siku aliyaacha yakae: sala, dhambi, nabii, malaika, Injili, Zaburi. Maneno hayo yalikuwa yamekwisha kuwa Kiswahili kwa sababu watu wa kawaida waliyatumia. Steere alitaka kujua jambo moja tu, kama msikilizaji analijua neno. Baadaye Mjerumani mmoja, Roehl, alijaribu kufasiri Biblia kwa kupunguza sana maneno ya asili ya Kiarabu, akatumia ya Kibantu. Biblia yake ilitoka mwaka 1937. Wako walioipenda, hasa bara. Lakini mara nyingine neno la Kibantu lilikuwa geni kwa watu kuliko neno la Kiarabu walilolizoea.

Kazi ilikwendaje

Injili ya Mathayo ilitoka mwaka 1869. Nyingine zikafuata. Mwaka 1879 Agano Jipya lilikuwa limekamilika.

Kumbuka nilikuambia kwamba Steere alijua kazi ya chapa. Misheni ilikuwa na mtambo wa chapa Unguja, na Steere aliwafundisha vijana wa shule ya Kiungani kuutumia. Herufi za risasi hupangwa moja moja kwa mkono, tena kinyume, kama unavyoona maandishi katika kioo. Kisha hupakwa wino na kugandamizwa juu ya karatasi. Kurasa nyingi za masomo na sala zilichapwa na vijana hao. Wafikirie tena: mtoto aliyewahi kuwekewa bei sokoni, sasa anashika herufi za Kiswahili na kupanga neno.

Mwaka 1873, chini ya nguvu ya Uingereza, Sultani Barghash alikubali kulifunga soko la watumwa. Misheni ikapata ardhi ya soko hilo. Sehemu ya ardhi ilitolewa na mfanyabiashara wa Kihindi, Jairam Senji. Siku ya Krismasi mwaka ule ule jiwe la msingi la kanisa liliwekwa. Kwanza palijengwa kibanda cha udongo, na Steere akahubiri humo kwa Kiswahili.

Mwaka 1874 Steere alifanywa askofu. Uaskofu haukumpunguzia kazi za mikono. Yeye mwenyewe alisimamia ujenzi wa kanisa, la mawe ya matumbawe na saruji. Paa lake ni la mviringo, tena pana, halina nguzo katikati. Watu walisema litaanguka. Halikuanguka mpaka leo. Wenyeji husimulia pia kwamba askofu akiwa safarini, mafundi walizisimamisha nguzo kadhaa juu chini, na zimebaki hivyo hivyo. Ibada ya kwanza ilifanyika siku ya Krismasi mwaka 1877. Watu wakasomewa maandiko kwa Kiswahili mahali ambapo miaka michache nyuma watu waliitwa bei.

Steere alisafiri bara pia. Mwaka 1876 alitoka na kundi la watu waliokombolewa, wakapita Lindi, wakitaka kurudi upande wa ziwa Nyasa. Walipofika Masasi waliona nchi nzuri wakaomba kukaa hapo. Steere alikubali. Ndiyo asili ya misheni ya Masasi.

Ziwa Tanganyika hakulifikia. Lakini wamisionari wa London walipoingia Ujiji mwezi wa Agosti 1878, na Mapadre Weupe walipowafuata mwanzoni mwa mwaka 1879, Kiswahili kilikuwa kimewatangulia. Wafanyabiashara wa pwani walikuwa wamekileta kwa misafara, nacho kilisemwa sokoni pamoja na Kiha na lugha za watu wa ng'ambo ya ziwa. Hakikuwa Kiswahili cha wanachuoni. Kilikuwa Kiswahili cha wapagazi na wapiga makasia, yaani cha watu wale wale ambao Steere aliwafikiria alipokuwa akifasiri.

Mwisho wa maisha yake

Katika mwaka 1882 Steere alikuwa Uingereza, na afya yake haikuwa nzuri. Hata hivyo alirudi Unguja mwezi wa Agosti. Alikuwa bado anafasiri Agano la Kale, na alikuwa amemaliza kazi ya kitabu cha nabii Isaya. Siku chache tu baada ya kufika, tarehe 27 Agosti 1882, alikufa ghafla. Alikuwa na umri wa miaka 54.

Wengine waliendelea na kazi. Mwaka 1891 Biblia nzima ilitoka kwa Kiswahili cha Unguja. Mwaka 1928 wajumbe wa nchi za Afrika Mashariki walikutana Mombasa wakachagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na vitabu vingi vilivyokuwako kwa Kiunguja vilitia nguvu uchaguzi huo. Mwaka 1952 ilitoka Biblia ya Muungano, iliyotengenezwa ili watu wa Kiunguja na watu wa Kimvita waweze kutumia kitabu kimoja. Biblia hiyo bado inasomwa katika makanisa mengi, na wako wanaoisikiliza katika redio na simu. Baadhi ya maneno yake sasa yamekuwa ya kizamani, na tafsiri nyepesi zaidi zimefanywa baada yake. Lugha haisimami.

Ukipata nafasi ya kufika Unguja, uliza njia ya Mkunazini. Kanisa liko pale pale penye soko la zamani. Ndani utaonyeshwa msalaba uliotengenezwa kwa mti wa Chitambo, ule ambao chini yake moyo wa Livingstone ulizikwa mwaka 1873. Kaburi la Askofu Steere liko nyuma ya altare.